Fundo la Kumi na Saba

Katsuva nilimshuku tangu siku ya kwanza, na chanzo chake kilikuwa karanga.

Mwaka ule wa 2009 nilikuwa nauza karanga za kukaanga katika soko la Nyakasanza, hapa Bunia. Karatasi za kufungia nilizinunua kwa kilo: madaftari ya shule yaliyokwisha, magazeti ya zamani, vitabu vilivyolowa mvua katika nyumba zilizokimbiwa. Siku hiyo nilikuwa nachana kitabu kinene cha Kifaransa chenye picha za dunia iliyozungushiwa nyuzi. Akaja mwanamume mwembamba mwenye koti la kijivu, akapokea karanga zake, akakunjua ile karatasi na kuanza kuisoma hapo hapo. Karanga zikamwagika chini. Hakuinama hata kuokota moja.

"Mama, hii kitabu, ingine iko wapi?"

"Ile inabakia njo hii," nikamwambia. "Kurasa za mbele batu bamekwenda nazo tangu asubui."

"Zote?"

"Papa, batu bako na njaa."

Akanunua kilichobaki, kuanzia ukurasa wa arobaini na moja, kwa bei ya karanga za kutwa nzima. Sasa nawe niambie. Mtu mzima, tena mtu wa Butembo, na watu wa Butembo tunawajua, hata kizibo cha chupa hawatupi, ananunua kitabu kisicho na jalada wala mwanzo! Nikajisemea moyoni kwamba huyu ana lake jambo.

Mimi si mwenyeji wa Bunia. Kwetu ni Fataki, upande wa Djugu. Kabla ya vita nilikuwa msichana mkubwa, na niliwaona kwa macho yangu watu wawili wakiingia shambani kwa baba na mita ndefu ya kukunja. Walikuwa wanacheka, walikunywa maji yetu, wakapima, wakaandika, wakaenda. Mwaka uliofuata tukaambiwa nusu ya shamba imo ndani ya konsesio, yaani shamba kubwa la hati, la mtu mwingine. Yakaja maneno, na baada ya maneno yakaja mambo ambayo sitaki kuyaandika. Baba hakutoka Fataki. Mimi nilitoka kwa miguu, na mama yangu, na binti yangu Dorcas mgongoni. Kwa hiyo nikisema namwogopa mtu anayepima, usinicheke. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Ilikuwa amani, ndiyo, hivyo ndivyo redio ilivyosema. Tulisalimiana, tulinunuliana sokoni, tuliimba kanisa moja. Lakini kila mtu alijua viatu vyake viko wapi hata gizani.

Nilikuwa na kiwanja kimoja, parsele kama tunavyosema sisi. Mbele nyumba ya udongo ya vyumba viwili, nyuma kibanda cha mama, na nyuma ya kibanda matuta manne ya viazi vitamu. Karatasi yangu ya ununuzi iliandikwa na shefu wa avenyu yetu, yaani mkuu wa barabara yetu, mzee Donatien, na ilisema hivi tu: kutoka avenyu mpaka kwenye borne. Borne ni lile jiwe la saruji linalopandwa na watu wa kadastre, ofisi ya kupima ardhi, kuonyesha mpaka, kichwa tu ndicho kinachojitokeza ardhini. Langu lilikuwa la zamani, limeota kuvu, na kuku walipenda kulipandia. Nyuma yake kilikuwa kiwanja cha Lambert, muuza mafuta ya gari, ambaye wakati huo alikuwa Kampala kwa biashara zake.

Katsuva alipanga nyumba ya tatu kutoka kwangu. Alikuwa fundi wa bafle, yale masanduku ya sauti ya makanisani, na kusema haki alikuwa fundi kweli. Ukisikia kwaya inapaza sauti Jumapili na bafle halikohoi, ujue Katsuva amepita Jumamosi. Bafle likifa alilipasua na kutoa sumaku. Alikuwa nazo ndoo nzima. Mke wake, Fanny, alirudi Butembo kwa sababu ya hizo sumaku: alizikuta zimepangwa chini ya kitanda, mume anataka kujua kama wataamka wepesi kuliko walivyolala. Fanny alisema yeye aliolewa na fundi, hakuolewa na nabii.

Baada ya wiki mbili na kile kitabu alikuja mezani kwangu, macho mekundu.

"Mama Dorcas, dunia haiko wazi vile unaona. Imefungwa mu wavu. Wavu ya nguvu, kama ya sumaku. Fasi nyuzi mbili zinakutana, pako fundo. Na pa fundo, kitu inapoteza uzito."

"Inapoteza uzito, uzito inaenda wapi?"

Akaniangalia kwa uchungu. "Ile iko mu kurasa za mbele. Zile za karanga."

Nilicheka, lakini yeye hakucheka. Alisema watu wa kale waliyajua mafundo, ndiyo maana waliinua mawe makubwa bila mashine. Alisema zile helikopta nyeupe za Umoja wa Mataifa, zilizotupitia juu kila asubuhi kwenda uwanja wa ndege, zilikuwa zinafuata nyuzi. Alisema siku moja mtu atapata fundo kubwa, atasimama juu yake na gunia la maharage kichwani na hatalisikia. Nikamwuliza mtu huyo ni nani. Akasema anaweza kuwa yeyote, hata mama yangu na miguu yake mibovu, na ndoo ya maji kichwani.

Basi akaanza kutembea. Mkononi dira, ile tunayoiita busole. Begani mzani wa ndoano, wa kupimia maharage, na mfukoni jiwe moja la mto la kilo tano lililovuta koti lake upande mmoja. Alihesabu hatua kwa sauti, anasimama, anatazama sindano. Sindano ikigeuka, anapima lile jiwe lake, kisha anaandika katika kaye, daftari lake: fundo la nne, fundo la tisa, hatua ngapi kutoka wapi, upande gani. Watoto walimfuata wakihesabu naye. Mtaa mzima ulicheka. Mimi nilikuwa natazama kaye. Mtu mwenye wazimu hahesabu hatua zake mara mbili, na huyu alizihesabu mara tatu.

Siku alipofika kwangu nilikuwa naanika nguo. Akaomba ruhusa vizuri, akampa mama pole ya miguu, akapita mpaka nyuma. Kwenye borne sindano ikageuka. Nami niliiona, siwezi kukataa. Akatundika jiwe lake kwenye mzani, akalitazama muda mrefu sana.

"Inapungua," akanong'ona. "Mama Dorcas, inapungua kidogo! Hii njo kumi na saba."

"Unatafuta nini mu parsele yangu, papa Katsuva?"

"Sitafute kitu ya mutu."

"Unaandika nini?"

"Fundo."

"Nani anakutuma?"

Akashangaa kweli, au alijifanya. "Kitabu," akasema.

Kitabu! Usiku ule sikupata usingizi. Nilijua, kama kila mtu alivyojua hapa, maneno ya kwamba Wabelgiji walizika vitu vya thamani chini ya borne zao, zebaki nyekundu na mengineyo. Nilijua pia kwamba Lambert ana pesa na anapenda nafasi. Ikawa wazi kichwani mwangu: ama fundi anataka kilicho chini ya jiwe, ama anampimia Lambert. Asubuhi nikaenda kwa mzee Donatien, na badala ya kumwambia pembeni nikayasema mbele ya watu wa kisima. Nilimwaga mtama kwenye kuku wengi. Saa nne vijana walikuwa wamemshika Katsuva koti, wamempeleka kwa shefu, wamemkalisha juani wakimwuliza anampimia nani. Aliwaeleza habari ya helikopta mpaka wakachoka. Wakamrudishia busole yake, wakasema ni mgonjwa wa kichwa tu. Alipopita mbele ya meza yangu alinisalimia kama kawaida, na shavu lilikuwa limevimba. Ile salamu ilinikera kuliko tusi. Niliona ni ujanja.

Basi nikafanya akili yangu. Kama anachotaka ni lile jiwe, nitaliondoa, apime hewa. Kulipopambazuka, kabla mama hajaamka, nikachukua jembe na mtaimbo. Borne ilikuwa ndefu kuliko nilivyodhani, imeshuka ardhini kama jino. Chini yake sikukuta zebaki wala dhahabu, nilikuta jongoo mmoja amejikunja. Nikaliburuta jiwe mpaka choo cha zamani kilichojaa nusu, nikalisukuma likaingia, nikasikia likitua. Pale lilipokuwa nikafukia, nikaongeza tuta la tano la viazi. Nilijiona mjanja kweli kweli. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini siku hiyo nilikuwa bado nachimba.

Viazi vilikuwa vimetanda vizuri Lambert aliporudi kutoka Kampala na lori mbili za matofali. Alitaka ukuta. Akaniuliza kwa adabu kabisa mpaka uko wapi, nikamwonyesha karatasi yangu. Akaisoma.

"Muzuri, mama. Kutoka avenyu mpaka kwenye borne. Unionyeshe borne."

Mimi nikamwonyesha viazi.

Kesho yake alivuta kamba yake. Ilipita nyuma ya nyumba yangu tu, ikaingia kibandani kwa mama kwa dirisha, ikapita juu ya kitanda chake, ikatoka upande wa pili. Mama alikuwa amekaa kitandani akiitazama. "Madeleine," akaniuliza, "tunakimbia tena?" Kwa swali lile nililia, na sioni aibu kulisema. Sikuwa na kingine duniani ila pale.

Mzee Donatien alisema ataita kadastre, na kwamba bila borne karatasi yangu haina mwisho. Akaniuliza nani mwingine aliyeiona. Watu wengi waliiona, lakini nani agombane na Lambert kwa ajili ya mkimbizi wa Fataki? Kila niliyemwuliza hakumbuki, na mimi niliogopa kusema niliing'oa mwenyewe, kwani kung'oa borne ni kesi. Ndipo nikaikumbuka ile kaye. Nilikaa siku mbili nikibishana na nafsi yangu, kwa sababu bado nilikuwa nadhani kwamba Katsuva ni mtu wa Lambert, na kwamba nikimwendea najipeleka mwenyewe. Siku ya tatu nikaenda, kwa kuwa sikuwa na pengine pa kwenda.

Nilimkuta amepasua bafle la kanisa fulani. Nikamwambia yote: nilivyomsema kisimani, nilivyochimba, choo, viazi. Nilingoja anifukuze. Yeye aliruka kutoka kwenye kiti.

"Weye umetosha jiwe? Kweli? Jiwe haiko tena pale?"

"Haiko, papa. Unisamehe."

"Kusamehe nini! Mama Dorcas, batu bangesema sindano inageuka juu ya jiwe. Sasa jiwe haiko! Ikigeuka tena, bataona ni fundo." Akaipangusa busole kwa shati lake. "Nisiende sasa. Nitangoja leta ikuje, serikali yenyewe njo ione."

Nikarudi nyumbani nikiwa sijui kama nimepata shahidi au nimeongeza msiba.

Leta, yaani serikali, ilikuja Alhamisi asubuhi: kijana mmoja wa kadastre aitwaye Eugène, mwenye buti za mpira na begi la karatasi. Lambert alikuwepo na kamba yake. Mtaa wote ulikuwepo pia, wale wote wasiokumbuka. Katsuva alifika amevaa shati jeupe, kitabu na kaye kwapani, busole mkononi, jiwe mfukoni.

"Hapa hakukuwaka borne hata siku moja," alisema Lambert.

Eugène akaichukua kaye. Aliisoma akitabasamu, kisha akaacha kutabasamu. Akatoka nayo, sisi nyuma yake. Fundo la kumi na tano: borne, kwenye kona ya kisima. La kumi na sita: borne, nyuma ya duka la unga. La kumi na nane: borne, chini ya majani ya migomba, ambayo hata kadastre yenyewe ilikuwa imeisahau. Hatua za Katsuva zilikosea kwa kiganja tu. Ukivuta mstari kutoka la kumi na sita mpaka la kumi na nane, la kumi na saba linaangukia katika tuta langu la tano.

"Papa," Eugène akasema, "unajua ulipima nini? Ulipima kadastre muzima. Borne za Babeleji ziko na chuma ndani. Chuma njo inavuta sindano."

Watu wakaangua kicheko. Katsuva alimtazama kwa upole, kama mwalimu anayemsikiliza mtoto aliyekosea hesabu.

"Hapana, kijana. Babeleji balijua mafundo, banapanda majiwe juu yao. Leo tutaona. Jiwe haiko, fundo iko."

Akaenda kusimama kwenye viazi vyangu. Na mimi hapo ndipo nilipoelewa nimesimama wapi. Sindano ikigeuka, basi ni nguvu ya dunia, na kaye haishuhudii borne yoyote, na kitanda cha mama kimekwenda. Sikuwahi kumwomba Mungu jambo la aibu namna ile: nilimwomba amwaibishe mtu huyu.

Katsuva akashika busole mbele ya kifua. Sindano ikacheza, ikaelekea kaskazini, upande wa kwetu Fataki, ikatulia. Akagonga kioo kwa ukucha. Akazunguka. Akasogea hatua moja, akarudi. Kila alikogeukia, sindano ilibaki kaskazini. Akatundika jiwe kwenye mzani, nami nilikuwa karibu, nikasoma: kilo tano kamili, za dukani.

"Munaona!" Lambert akapiga kofi. "Kaye ya wazimu. Ameandika fundo, hakuandika borne. Na fundo yenyewe haiko!"

Eugène akatoa kalamu. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na haraka tu. "Papa Katsuva, siwezi kuandika fundo ya dunia mu karatasi ya leta. Useme wazi mbele ya batu. Siku ile ulipima hapa, kitu gani iligeuza sindano yako?"

Majibu ya Katsuva nilikuwa nayajua. Mwaka mzima nilikuwa nimeyasikia mezani kwangu. Fundo hulala, ukurasa wa sitini na tatu. Fundo huhama wakati wa mvua, ukurasa wa themanini na nane. Hakuna aliyewahi kumshinda kwa maneno, kwa sababu kila aliposhindwa alisema jibu liko katika kurasa za mbele. Niliona midomo yake ikijiandaa. Kisha macho yake yakaenda kibandani. Mlango ulikuwa wazi, mama amekaa kitandani, kamba ya Lambert inapita mbele ya uso wake.

"Ilikuwa chuma," akasema.

"Chuma gani?"

"Chuma ya borne. Borne ilikuwa hapa. Kuku ya mama huyu ilikuwa inasimama juu yake."

"Na maneno ya fundo?"

Akaitia busole mfukoni. "Andika: hakuna fundo. Nitatia saini."

Akatia saini juu ya begi la Eugène, mkono wake imara. Watu walicheka mpaka wengine wakashika matumbo. Mwaka mzima wa kutembea juani kwa ajili ya vyuma vya Wabelgiji! Toka siku hiyo watoto walimwita Papa Chuma. Mimi sikucheka. Ile aibu niliyoiomba ilikuwa imefika, na nilitamani ardhi inimeze. Ndipo nami nikapata mdomo, nikasema mbele ya wote kwamba borne niliing'oa mimi, na iliko. Eugène alinikaripia kama mtoto, nilistahili. Lambert akaizungusha kamba yake mkononi. Wiki iliyofuata borne mpya ilipandwa kwenye tuta la tano, na ukuta wa Lambert ulijengwa nyuma yake.

Katsuva aliendelea na bafle zake. Ndoo ya sumaku aliiuza kwa mtu wa vyuma chakavu. Lile jiwe la kilo tano alilisahau kwangu, liko bado, linazuia mlango wa kibanda usipigwe na upepo.

Asubuhi moja alikuja sokoni na kile kitabu, akakiweka mezani kando ya karanga.

"Mama Dorcas, funga nacho."

Nilikaa nacho mapajani. Nikataka kumwomba msamaha upya, lakini kwa kuwa mimi ni mimi, lililotoka lilikuwa shaka, maana bado nilikuwa na shaka. Sikuwa na hakika kama siku ile alisema alichokiona au alisema kilichotakiwa.

"Papa Katsuva, kweli ya Mungu. Ilikuwa chuma?"

Alichukua karanga moja, akaimenya polepole.

"Mama yako analala muzuri?"

"Analala."

"Basi," akasema, "ilikuwa chuma."